TAHARIRI: Kabla ya Kupandisha Nauli ya Gunia, Tuhesabu Lita

Ndugu wanaushirika,

Jumamosi ijayo saa tatu asubuhi tutakutana katika mkutano mkuu. Ajenda ya nne ni pendekezo la kuongeza shilingi 500 kwa kila gunia linalopakiwa katika lori letu, kwa sababu dizeli imepanda bei. Maneno yamekwisha kuwa mengi kilabuni na kisimani. Wengine wanasema dereva anakula mafuta. Wengine wanasema tusubiri tu, eti bomba la mafuta linapita mkoa wetu wa Singida, kwa hiyo dizeli itakuwa kama maji. Tumeona tuliweke jambo hili wazi hapa ukutani, ili kila mmoja aje mkutanoni na hesabu, asije na hasira.

Jambo lenyewe si dogo. Nauli ikipanda, mwenye magunia matatu ya alizeti atashindwa kuyafikisha mjini. Atabaki nayo nyumbani mpaka mlanguzi aje na pikipiki, na tunajua mlanguzi hununua kwa lumbesa. Lori hili tulilinunua kwa jasho letu ili tumkwepe mtu huyo. Tusimrudishe wenyewe kwa mlango wa nyuma.

Kwanza tujue bei inatoka wapi. Nchi yetu inayo gesi asilia, ya Songo Songo na Mnazi Bay, lakini petroli na dizeli tunanunua nje kwa dola na kuzipokea bandarini. Wenye visima wakipunguza kuchimba, au vita ikizuka njiani, sisi huku tunasikia kwenye nauli. Wazee wetu wanakumbuka. Mwaka 1973 nchi za Kiarabu zilipunguza mafuta na kuwanyima baadhi ya wateja wao kwa sababu ya vita na Israeli. Pipa moja, ambalo ni lita 159, lilikuwa kiasi cha dola 3. Kufika Januari 1974 likakaribia dola 12. Mwaka 1979 yakaja mapinduzi ya Irani, bei ikaruka tena, na sisi wakati huo tulikuwa tumetoka vitani Kagera. Ndiyo miaka ile magari ya watu binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana.

Na vijana nao wameona ya kwao. Mwaka 2020 ulipokuja ugonjwa wa korona, magari na ndege vikasimama dunia nzima, bei ya mafuta ikaanguka. Februari 2022 Urusi ikaivamia Ukraine, na mwezi uliofuata pipa likapita dola 120. Serikali ilibidi itoe ruzuku ya shilingi bilioni 100 kwa mwezi kuanzia Juni 2022 ili bei isituvunje mgongo. Hivyo ndivyo mambo yalivyo: kijiji hakikualikwa kwenye vita hata moja, lakini mchango kimetoa.

Sasa habari ya bomba. Bomba hilo ni la kutoka Hoima, Uganda, mpaka Chongoleani, Tanga, kilomita 1,443. Litakalopita humo ni mafuta ghafi, ya kupakiwa melini na kuuzwa nje. Mafuta ghafi huwezi kutia kwenye lori, kama vile huwezi kukaangia samaki kwa mbegu za alizeti ambazo hazijakamuliwa. Lazima yasafishwe kwanza. Kiwanda cha kusafisha mafuta tulikuwa nacho Dar es Salaam, TIPER, tangu mwaka 1966, lakini kazi ya kusafisha ilikoma mwishoni mwa miaka ya 1990. Basi anayesubiri bomba ndipo asafirishe gunia lake, panya watalimaliza.

Bei ya kituoni nayo haipangwi na mwenye kituo peke yake. EWURA hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na kila wilaya ina yake kwa kuwa gharama ya kusafirisha kutoka bandarini imo ndani. Kikomo maana yake ni dari: kuuza chini yake ruksa, kuuza juu yake ni kosa. Tena bei ya mwezi huu hutokana na shehena iliyonunuliwa wiki kadhaa nyuma. Ndiyo maana redio ikisema mafuta yameshuka duniani, huku kwetu hayashuki siku hiyo hiyo.

Bei basi hatuna mamlaka nayo. Lita je? Hebu tupige hesabu ya mfano, hata mtoto wa darasa la tano ataifuata. Kwenda mjini na kurudi ni kilomita 120. Tuseme lori la tani 7 linakwenda kilomita 4 kwa lita moja. Hizo ni lita 30. Tuseme lita ni shilingi 3,000. Safari nzima ni shilingi 90,000. Likibeba magunia 100, kila gunia linalipia mafuta ya shilingi 900.

Dizeli ipande shilingi 300 kwa lita. Safari inakuwa shilingi 99,000, na gunia linalipa shilingi 990. Kupanda kote huko kumeongeza shilingi 90 tu kwa gunia. Sasa lori lile lile liondoke na magunia 50. Mafuta yatapungua kidogo sana, maana lenyewe ni zito hata likiwa tupu. Kila gunia sasa linabeba karibu shilingi 1,980. Nani basi ametuumiza zaidi, mwenye kisima huko ng'ambo au nusu ya lori iliyobeba hewa?

Kwa hiyo tunaomba mkutano ujadili mambo haya kabla ya kugusa nauli:

1. Lori liwe na siku yake. Lisiondoke mpaka lijae, isipokuwa kwa mgonjwa au dharura. Mwenye mzigo aandikishe kwa katibu siku mbili kabla.

2. Lisirudi tupu. Mbolea, saruji, mabati na bidhaa za duka la ushirika vipangiwe safari ya kurudi, navyo vilipe sehemu yake.

3. Daftari la safari lijazwe kila mara. Jaza tangi pomoni, andika namba ya kilomita. Ukijaza tena pomoni, gawa kilomita ulizotembea kwa lita ulizotia. Namba ikishuka wiki hadi wiki, kuna tatizo: nozeli, breki zinazong'ang'ania, au mkono wa mtu. Daftari hili linamlinda dereva wetu kuliko mtu yeyote. Sasa hivi anasemwa bila ushahidi wowote, na hana karatasi ya kujitetea.

4. Matairi yapimwe upepo kila wiki, na chujio la hewa lisafishwe, hasa kiangazi hiki cha vumbi. Tairi laini hula mafuta. Injini isiyopata hewa hutoa moshi mweusi, na moshi ule ni dizeli uliyoilipia ikaruka bila kuungua vizuri.

5. Mwendo uwe wa wastani, na injini izimwe wakati wa kupakia na kungoja mzani. Injini kubwa ya dizeli ikinguruma imesimama humaliza kiasi cha lita mbili kwa saa. Hizo ni kilomita nane za kwenda mjini, zimeishia palepale.

Mashine yetu ya kusaga nayo iko katika hesabu hiyo hiyo. Kuiwasha kwa debe moja, kuizima, kisha kuiwasha tena kwa debe jingine ni hasara. Kina mama watusaidie kupanga saa za kusaga zinazowafaa, maana wao ndio wanaopanga foleni, na ndio wanaojua.

Hatusemi nauli isipande kabisa. Ikionekana kwa daftari la miezi mitatu kwamba lori linajaa, linatunzwa na bado halijilipi, tutakuwa wa kwanza kuunga mkono. Lakini kumwongezea shilingi 500 mwenye magunia matatu, wakati hatujui lori letu linakwenda kilomita ngapi kwa lita, si haki. Haba na haba hujaza kibaba. Haba na haba hiyo hiyo hutoboa tangi.

Njooni wote Jumamosi. Wenye gunia moja njooni mapema, mkae mbele.