Upande B niliomfutia braza

Wiki hii naomba niungame.

Mwaka 1995 braza wangu alirudi hapa Kihonda na kaseti ya kurekodiwa, juu imeandikwa kwa kalamu: Queen II. Mimi dogo wa sekondari nilitaka kunasa nyimbo za redioni, kaseti sina. Si nikaifuta ya braza, upande B wote! Aliponibamba hakunipiga. Alisema tu, "Umefuta upande wenyewe, mdogo wangu." Akaninunia mwezi mzima.

Nikaona ananizingua. Roki nzito ile, kelele tupu! Jirani alishasema ni muziki wa mashetani.

Sasa Jumamosi iliyopita umeme ulikatika, nimekaa barazani naitazama milima ya Uluguru. Nikautafuta ule upande kwenye simu. Jamani!

Albamu hiyo ilitoka Machi 1974. Haina A wala B, ina upande mweupe na upande mweusi. Huo mweusi, nyimbo zote sita katunga Freddie Mercury, yaani Farrokh Bulsara, mzaliwa wa Unguja mwaka 1946, aliyeondoka na familia yake mwaka 1964. "Ogre Battle" inaanza na sauti zinazokwenda kinyumenyume, halafu gitaa la Brian May linashuka kama shoka. Na gitaa lenyewe alilitengeneza nyumbani na baba yake! Ukija "The March of the Black Queen", dakika zaidi ya sita, wimbo unageuka kila unapodhani umeuzoea. Ukiusikia unajua "Bohemian Rhapsody" ya 1975 ilianza kupikwa wapi.

Wengi wetu tunamjua Freddie wa "We Are the Champions", ule wa kushangilia makombe. Mzigo huu tunaupita kama daladala iliyojaa inavyopita kituo. Wengine sawa, lakini sisi wa Morogoro, mji wa Mbaraka Mwinshehe? Gitaa likisema, sisi ndio wa kwanza kusikia.

Nikampigia simu.

"Shikamoo braza. Nimeusikia upande mweusi."

Kimya. Nikadhani salio limekata. Mara nikasikia anacheka, kicheko cha kwanza juu ya kaseti ile tangu siku nilipoifuta.

"Marahaba. Sasa nilipe kaseti yangu."

Msomaji, mwenye kaseti tupu anistiri. Tukutane wiki ijayo!