Bima ya Mwenye Nyumba Haijui Godoro Lako

Nyumba ya kupanga ikiungua, iwe Kisauni, Majengo ama Eastleigh, hadithi ni ileile. Picha zinasambaa, namba ya mchango inawekwa kwenye grupu, wiki ijayo tumesahau. Mwenye nyumba kama ana bima, anajenga upya. Wewe mpangaji umebaki na shati ulilovaa.

Sikiza. Bima yake ni ya kuta na paa. Friji, godoro, kompyuta, cherehani ya mamako, hakuna hata kimoja kwenye karatasi yake. Iko bima ya vyombo vya ndani, na mpangaji anaikata bila kumiliki tofali moja. Nani alikwambia? Maajenti wako mbio na magari, maana hayo sheria imelazimisha.

Na usiniletee ile ya "bima ni haramu" ukaishia hapo. Wanachuoni waliopinga walitaja riba, kamari na utata wa mkataba. Kulinda mali hawakukataza. Ndio maana kuna takaful: watu wanachanga kwenye mfuko mmoja, aliyefikwa na msiba analipwa humo. Kenya tunayo tangu 2011. Bedui aliambiwa amfunge ngamia kwanza, kisha amtegemee Mungu. Wewe wako umemwacha barabarani.

Lakini macho wazi. Vyombo vya 200,000 ukivikatia bima ya 100,000, kisha moto ukala vya 60,000, kwa kawaida utalipwa 30,000, kwa sababu ulikatia nusu. Wengi huumia hapo. Wizi nao, mara nyingi wanataka alama za mlango kuvunjwa na ripoti ya polisi. Simu ukiporwa kwenye matatu, bima ya nyumbani haihusiki mpaka uwe umeiongeza kando.

Na nyinyi wenye makampuni: chumba kimoja cha Likoni si mali? Mnauliza ukuta wa mawe, lango, mlinzi. Mtu wa mabati ndiye moto unamfikia kwanza, na ndiye mnayemfungia mlango!

Leo usiku piga picha kila kitu chumbani, pamoja na risiti, ujitumie kwa barua pepe maana simu nayo huungua. Kesho muulize ajenti bei ya chumba chako, na akuandikie. Ukishalipia kisha wakakuzungusha na madai yako, peleka lalama kwa IRA, wanaosimamia makampuni ya bima nchini.