Hatua Saba Mbele ya Moto

Sisi wa Kitendaguro, kama watu wengine wa Bukoba, tumekuwa majirani wa wafanyabiashara Wahindi tangu enzi za Mdachi, tukinunua kwao kaniki na mafuta ya taa na kuwauzia kahawa; walakini arusi za Mabaniani, tuzionapo kwa mbali, hutushughulisha kwa dhahabu na hina tu, na aghalabu twarejea majumbani pasi na kujua ni jambo gani hasa lililowafanya wale maarusi kuwa mume na mke.

Jambo hilo hutendeka chini ya mandapu, kibanda cha nguzo nne kilichopambwa, mbele ya moto mdogo ambao Mbrahmani huumiminia samli huku akisoma kwa Kisanskriti. Baba huutia mkono wa binti yake katika mkono wa bwana arusi, kana kwamba amtoa hidaya (ada ambayo mimi binafsi sipendezwi nayo). Ndipo maarusi wauzungukapo moto, mara nne kwa desturi ya Wagujarati, kisha wakapiga pamoja hatua saba, kila moja na ahadi yake, hata ile ya mwisho ambayo ni ya urafiki. Sheria ya India ya mwaka 1955 yasema kwamba penye ada hiyo ndoa hutimia kwa hatua ya saba, na mwaka 2024 Mahakama ya Juu ya huko ilikariri kuwa cheti peke yake, bila ada, hakifanyi ndoa.

Katika hatua zote saba mali si sharti. Imepachikwa na wanadamu: India hutozwa jamaa za mwanamke, desturi iliyoharamishwa mwaka 1961, na mpaka leo wako wake wanaouawa kwa ajili yake; kwetu Buhaya hutozwa mume, na wazee, huku wakitafuna kahawa na kunywa rubisi, huipandisha mahari hata kijana akaingia deni. Wataniambia mahari ni heshima. Naam, lakini heshima gani hiyo idaiwayo kwa mafungu? Sheria yetu ya Ndoa ya mwaka 1971 yasema wazi kwamba ndoa haibatiliki kwa mahari kutolipwa, neno ambalo wazazi wengi hawalijui, au hujifanya hawalijui.

Enyi wazee mnaongoja washenga, tajeni mahari ambayo kijana aweza kuitoa pasi na kukopa, wala msiizuie akdi kwa sababu ya salio.