Kumpeleleza Ayala kabla ya Majira ya Kuwinda



Juma hili twawapeleka mbali, katika jimbo la Michigan, upande wa kaskazini wa Marekani. Huko majira makubwa ya kuwinda ayala kwa bunduki hufunguliwa tarehe 15 Novemba na kufungwa tarehe 30. Wenye pinde hutangulia tangu tarehe 1 Oktoba. Lakini ukipita katika vijiji vyao mwezi wa Agosti, saa ya jioni, utawakuta watu wameketi kando ya njia, darubini mkononi, bila silaha yoyote, wakiyatazama mashamba ya soya. Wanafanya nini? Wamekwisha kuanza kuwinda.

Yafaa kwanza tumweleze mnyama mwenyewe, maana kwetu Kongo hayupo. Ni wa jamii ya yule ayala mwenye kiu atajwaye katika Zaburi. Huyu wa Michigan huitwa ayala mwenye mkia mweupe, kwa kuwa akishtuka huuinua mkia wake juu, ukaonekana kama kitambaa cheupe, na mara ametoweka. Tusimchanganye na pongo. Pembe za pongo hudumu kichwani maisha yake yote. Bali pembe za ayala ni mfupa, dume huziangusha kila mwaka wakati wa baridi, kisha huota nyingine. Muda wote wa kukua zimefunikwa kwa ngozi laini yenye manyoya. Inapoingia Septemba ngozi hiyo hukauka, na dume huisugua katika vijiti mpaka imetoka yote.

Basi, mwezi wa Agosti madume hutembea pamoja kwa amani, hula soya jioni mbele ya macho ya watu, na mpelelezi huandika katika daftari yake: dume mkubwa, pembe ya shamba, jua likizama. Hapo ndipo wengi hudanganyika. Majani ya soya hugeuka manjano, na msituni mbegu za mialoni huanza kuanguka. Ayala huzipenda mno, hasa zile za mwaloni mweupe, kwa sababu hazina uchungu mwingi. Mara shamba limebaki tupu. Madume nao huachana, kila mmoja akashika njia yake. Mtu aliyetegemea daftari ya Agosti ataketi pale siku nzima ya kufungua, akirudi nyumbani atasema wanyama wamekwisha. Hawakwisha, wamehamia mita mia kadhaa tu, chini ya miti.

Kwa hiyo mpelelezi mwenye akili huingia msituni tena mwezi wa Oktoba na kusoma ardhi. Hutafuta mti mwembamba uliochubuliwa maganda na pembe. Hutafuta mahali ambapo dume ameparua majani kwa kwato chini ya tawi lililoinama, akakojoa pale, ili majike na madume wengine wapate habari zake. Hutazama kinyesi kama bado chang'aa au kimekauka. Hutazama malalo: nyasi zilizolala, kubwa na ndogo pamoja, ni jike na watoto wake, lalo moja kubwa la peke yake, labda ni dume. Tunasema labda, maana wapo wazee wa huko wasemao kwamba alama za vikwato viwili vya nyuma ni ishara ya dume. Si kweli. Katika tope laini jike naye huziacha vilevile.

Lakini jambo gumu kuliko yote ni kujizuia. Pua ya ayala yashinda macho yake mbali sana. Mtu akiingia kila siku kuhakikisha kama mnyama yupo, harufu yake hubaki katika majani, na ayala hugeuka kuwa wa usiku. Hivyo hodari huingia mara chache, upepo ukimpiga usoni, tena mchana wakati mnyama amelala mbali. Akiisha kuona ishara anazozihitaji, huondoka. Siku hizi wengi hufunga kamera mtini ipige picha yenyewe. Katika jimbo la Arizona kamera hizo zilikatazwa kwa kazi ya kuwinda tangu mwaka 2022, kwa kuwa zampa mwindaji faida kupita kiasi. Sisi twaona Arizona hawakukosea: aliyeletewa picha hakusoma ardhi.

Labda mtauliza kwa nini kuhangaika hivyo kwa mnyama mmoja. Karibu na mwaka 1900 ayala hawa walikuwa wamesalia kama nusu milioni tu, au pungufu, katika Marekani nzima, kwa sababu watu waliua wakati wowote, popote, kwa kuuza nyama na ngozi. Sheria za majira zikatiwa nguvu, na leo wako karibu milioni 30. Tena aliyepeleleza vema hujua mnyama atapita wapi, naye hupanga ulingo wake karibu na njia hiyo, ili apige mara moja, nyuma ya bega, kwa karibu. Asiyejua hupiga kwa mbali, kati ya vichaka, na mnyama aliyejeruhiwa hukimbia kwenda kufa pasipojulikana, nyama ikaoza. Hilo ndilo wawindaji wema wa huko huliona aibu kubwa.

Tarehe 15 Novemba, kungali giza, mtu huyu hupanda ulingoni amevaa nguo ya rangi ya machungwa kama sheria inavyotaka, ili wenzake wamwone. Ayala haitambui vema rangi hiyo. Bunduki yaruhusiwa nusu saa kabla ya jua kuchomoza. Mialoni imekwisha kupukutisha majani. Anasikia hatua katika majani makavu, upande ule ule alioutia alama mwezi uliopita. Ni jike, na nyuma yake, mbali kidogo, kuna hatua nyingine. Anangoja mpaka mwanga utoshe kuona ni nani.