Kahawa ya nyumbani inahitaji hewa kuliko moto

Buni zikitoka jikoni nyingine nyeusi tii na nyingine rangi ya majani makavu, wakaangaji wengi wa nyumbani hulaumu moto. Moto una sehemu yake, lakini kosa kubwa zaidi limo katika hewa. Buni mbichi ina maji kiasi cha asilimia 10 hadi 12, na mengi ya maji hayo lazima yatoke kabla haijageuka kahawia. Kikaango huipasha hasa pale inapogusana na chuma. Upande huo huungua huku moyo wake ukiwa mbichi, na kikombe kikabeba uchungu wa masizi pamoja na ladha ya nyasi. Hewa ya moto huizunguka punje pande zote, ikaondoka na mvuke, moshi na makapi. Makapi yakibaki chomboni huungua, na harufu ya moshi wake huing'ang'ania kahawa.

Wapo watakaosema wazee wetu walikaanga chunguni na kahawa ikanyweka. Ni kweli, ila mwiko wao haukutulia, na kahawa ilipoiva ilimwagwa unguni ikapepetwa. Kukoroga kule kuliingiza hewa kati ya punje. Ungo ukaondoa makapi na kuipoza kahawa isizidi kuiva. Hawakuitaja hewa, lakini waliitumia.

Hoja nzito zaidi ni kwamba hewa nyingi hupoza buni. Nayo ni kweli: zikipigwa na upepo mkali tangu mwanzo, hukauka bila kuiva vizuri. Ndiyo maana hewa haina kipimo kimoja. Iwe kidogo mwanzoni, iongezwe buni zinapokuwa manjano na makapi kuanza kuruka, kisha iongezwe tena zinapoanza kupasuka, joto la buni likikaribia nyuzi 200 za Selsiasi. Anayekaanga kwa mashine ya bisi isiyopunguzika upepo abadili wingi wa buni: zikizidi hazizunguki, zikipungua mno hupoteza joto. Mwenye kikaango akaange chache, safu moja, karibu na dirisha. Asidhani kufungua mlango wa jiko la mkaa ni kuipa kahawa hewa. Huko ni kuchochea moto.

Tanzania huuza nje sehemu kubwa ya kahawa yake ikiwa mbichi. Hii kidogo inayobaki majumbani tusiiunguze. Kabla ya kuongeza mkaa, koroga, fungua dirisha, na ungo uwe tayari kando yako.