Picha za tausi zirudi Obokote

Wandugu wasikilizaji, na ninyi mliokimbia vita mkafika kwetu: yule ndege mkubwa anayetembea chini porini, dume wa rangi ya buluu nzito, jike kahawia mwenye mgongo wa kijani, ndiye tausi wa Kongo. Pori la nchi nyingine halina.

Vitabu vinasema Mmarekani James Chapin "alimgundua" mwaka 1936. Wapi? Juu ya kabati, katika jumba la makumbusho la Tervuren, Ubelgiji! Walikuwa ndege wawili waliokaushwa. Tangu 1913 alikuwa na unyoya mmoja tu, alioutoa kwenye kofia ya mtu wa Ituri. Basi, mwenye kofia hakumjua ndege?

Leo watafiti wanafunga kamera kwenye miti; ndege akipita, inajipiga yenyewe. Picha zinaenda mbali. Kwetu linafika katazo. Mama aliyehama anatega waya apate mboga ya watoto, anaitwa mhalifu, na hajaonyeshwa hata siku moja tausi aliye hai. Waya nao hauchagui: umetegewa panya wa pori, unakamata tausi.

(Na wewe kijana unayetuma WhatsApp picha ya ndege aliyekufa, umemshika miguu, hiyo si kazi ya picha.)

Mabwana wa hifadhi, leteni picha hizo shuleni, kanisani, sokoni. Redioni tupeni sauti yake ya usiku, dume na jike wakiitikiana. Na kabla ya kung'oa waya, semeni familia zilizohama zitakula nini jioni hiyo.