Masika Si Likizo ya Miguu

Mvua za masika zinapokolea mwezi Aprili, njia za kupandia Mlima Kilimanjaro hubaki na watu wachache. Matope na mawingu huwapunguza wageni, na wapagazi, ambao mlimani hujulikana kwa jina la wagumu, hurejea makwao kungojea msimu wa Juni. Wengi huihesabu miezi hiyo kuwa ya kuupumzisha mwili. Hesabu hiyo ina kasoro, na gharama yake hulipwa na yule mwenye uwezo mdogo wa kuilipa.

Uwezo wa kupanda mlima hutegemea sana kiasi cha oksijeni ambacho moyo, damu na misuli huweza kukitumia kwa dakika moja. Uwezo huo hauwekwi akiba. Mwaka 1984, Edward Coyle na wenzake nchini Marekani walichapisha vipimo vya watu saba waliozoea mazoezi, walioachishwa mazoezi hayo kwa siku 84. Katika siku 21 za mwanzo uwezo wao ulishuka kwa asilimia 7, na kufikia siku ya 56 ulikuwa umeshuka kwa asilimia 16. Kwanza hupungua majimaji ya damu, hivyo moyo husukuma damu kidogo zaidi kwa kila pigo. Baadaye misuli nayo hufifia. Ikumbukwe kwamba siku 84 hukaribia kuwa masika nzima.

Upungufu huo hauonekani mtu akitembea sokoni Moshi. Mlimani mambo ni mengine. Katika kilele cha Uhuru, mita 5,895 juu ya usawa wa bahari, kanieneo ya hewa ni karibu nusu ya ile ya pwani, na kila pumzi huleta oksijeni kidogo. Hata chini ya hapo, kati ya vituo vya Mandara na Horombo katika njia ya Marangu, mpagazi hupanda takriban mita 1,000 kwa siku moja akiwa na mzigo ambao kikomo chake ni kilo 20. Naye hutakiwa kumtangulia mgeni kituoni. Aliyepoteza sehemu ya pumzi yake huifanya kazi ile ile kwa taabu kubwa zaidi, hutetereka kwenye mawe, na mara nyingi huficha uchovu wake asije akakosa safari inayofuata.

Huenda ikadaiwa kwamba mkazi wa mteremko wa Kilimanjaro hahitaji kufundishwa mazoezi, kwa kuwa masika ndiyo majira ya jembe. Dai hilo lina ukweli, lakini si ukweli wote. Jembe hukaza mikono na mgongo. Halizoezi mapaja kushuka mlima. Wakati wa kushuka, misuli ya paja hunyooka huku ikivuta ili kuuzuia mwili usiporomoke, na kazi ya namna hiyo ndiyo huumiza zaidi misuli isiyoizoea. Tena si kila mpagazi ana shamba. Wako ambao katika miezi hiyo hushinda wameketi juu ya pikipiki wakitafuta abiria.

Jambo la kutia moyo ni kwamba kuuhifadhi uwezo ni rahisi kuliko kuujenga upya. Katika uchunguzi uliochapishwa kati ya 1981 na 1985, Robert Hickson na wenzake waliwapunguzia watu siku za mazoezi kutoka sita hadi mbili kwa juma, nao wakaendelea kuwa na uwezo ule ule wa kutumia oksijeni kwa majuma 15. Sharti lilikuwa moja: mazoezi yabaki makali. Yalipolegezwa ukali, uwezo ulishuka. Basi mvua inapokatika, siku mbili kwa juma, mtu na apande kilima au ngazi kwa dakika 40 hadi pumzi imwie nzito, kisha ashuke kwa miguu yake. Mwezi wa mwisho aongeze mzigo kidogo kidogo na kutembea kwa saa nyingi.

Tahadhari moja haina budi kutolewa. Mazoezi hayamkingi mtu na ugonjwa wa mwinuko. Mwenye miguu imara aweza hata kuugua upesi, kwa kuwa hupanda haraka kuliko mwili unavyozoea. Maumivu ya kichwa yakifuatana na kutapika, kuyumba au kukosa pumzi hata mtu akiwa ameketi, dawa ya kwanza ni kushuka.

Hata hivyo, si haki wajibu wote kumwangukia mpagazi. Mwili wake ni chombo ambacho biashara nzima ya mlima hukitegemea, lakini huachwa bila matunzo kuanzia Machi, kisha Juni hutarajiwa uwe tayari. Waajiri wangefanya vyema kuwajulisha wapagazi wao mapema tarehe ya safari za kwanza, na kupunguza mizigo katika safari hizo hadi miili irejee katika hali yake. Kilo chache zinazopunguzwa katika safari ya kwanza huhitaji mpagazi mmoja wa ziada tu. Gharama hiyo ni ndogo ikilinganishwa na ya kumteremsha mgonjwa kwa machela usiku kutoka Kibo.